Nyayo Nisizozikagua

Mtu akikuambia fulani amekiri, usiwe na haraka ya kuuliza amekiri nini. Uliza kwanza alikaaje kwenye kiti. Kama alishika meza kabla ya kujishusha, kama alikalia upande mmoja, kama aliambiwa akae akasema atasimama tu, basi maneno yake yaache hapo hapo mezani, usiyabebe.

Naanza na hili kwa sababu nimeona mnavyobishana, wanangu na wajukuu zangu, kwenye kundi letu la wasapu. Juzi mmoja wenu, simtaji, anajijua, kaandika kwamba gaidi habembelezwi, abanwe mpaka ateme. Wengine wakampigia makofi kwa vile vikatuni vyenu. Mimi nikaweka simu kando, nikatoka barazani kufuta vumbi, maana hapa Tegeta upepo ukitokea upande wa Wazo, kwenye kiwanda, saruji inakuja kukaa na wewe bila kualikwa. Nikasema nitawajibu, ila si kwa simu. Vidole vyangu vizito, na jambo lenyewe refu.

Mnajua nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, miaka mingi huko huko Temeke nilikozaliwa. Mnachokijua ni ndoa zilizovunjika, mirathi, na majirani waliotukanana bombani. Hamjui kwamba hakimu wa ngazi yangu ana kazi nyingine: ni mlinzi wa amani. Polisi wakisema mtuhumiwa wao wa kosa kubwa anataka kukiri, wanamleta kwako. Unawatoa askari nje, unabaki naye na karani wako. Unamuuliza kama kuna aliyemtisha au kumuahidi kitu. Unamkagua mwili kama ana majeraha. Ukiridhika, ndipo unaandika anachosema. Karatasi hiyo inakwenda Mahakama Kuu, na kule ina uzito kwa sababu wewe si polisi. Mtu anaweza kufungwa maisha kwa mwandiko wako.

Aliyenifundisha ni marehemu Hakimu Shomari, mzee wa Kizaramo mwenye tumbo kubwa na maneno machache. Hakuwa akimwamini mtu. Polisi hakuwaamini, watuhumiwa hakuwaamini, na chai ya karani wake alikuwa anainusa kwanza. Alinifundisha kumpa mtu maji kabla ya swali lolote, tena kwenye kikombe chenye mkono. "Mtazame anavyokishika," alikuwa akiniambia. "Aliyening'inizwa kwa mikono hawezi kukinyanyua kwa vidole viwili." Alinifundisha pia kuuliza jana ulikula nini kabla ya kuuliza jana ulifanya nini. Mtu aliyekaririshwa maneno hajakaririshwa jibu la swali hilo, kwa hiyo hapo unaisikia sauti yake mwenyewe. Akianza kukiri, isikilize tena. Muuza samaki akianza kukuambia "mnamo majira ya saa mbili asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu," ujue anakusomea jalada.

Wala msidhani shaka yangu ilikuwa ya upande mmoja. Aliwahi kuletwa kwangu jambazi mmoja, mtu mzima na ndevu zake, akapandisha suruali akilia machozi, akanionesha kovu la mviringo ndani ya mguu wa kulia, chini ya goti. "Mheshimiwa, wamenichoma na pasi." Nikamtazama karani wangu, karani akanitazama. Nikamwambia mtuhumiwa, "Baba, hiyo ni ekzosi ya bodaboda." Karani akapandisha suruali yake, na yeye analo. Mimi la kwangu sikulionesha, maana nilikuwa kazini, lakini lipo mpaka leo. Yule bwana akafuta machozi, akasema basi tuendelee.

Kwa hiyo nilijiona mjanja. Miaka ilivyokwenda nikawa najisifu moyoni kwamba hakuna wa kunidanganya, si mwenye bunduki wala mwenye pingu. Hapo ndipo mtu anapoharibikia.

Ikaja miaka ile ya hofu. Vituo vya polisi vilikuwa vinavamiwa, askari wanauawa, na kila wiki uvumi mpya. Watu waliokuwa wanaswali pamoja miaka yote wakaanza kutazamana kwa pembeni. Mimi mwenyewe nikiona kijana na begi mgongoni napunguza mwendo apite. Siwafichi, niliogopa, na niliwachukia waliotuogopesha.

Asubuhi moja akaletwa Salum. Kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi friji wa Yombo. Jirani alimripoti, polisi wakafungua begi lake wakakuta waya, betri na taima tatu, vile visaa vya kuhesabia muda. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kila friji isiyogandisha barafu ina taima yake ndani, na kwamba fundi akikosa taima begini ni kama fundi cherehani akikosa mkasi. Siku ile sikuuliza. Aliyemleta alikuwa Afande Komba, mpelelezi, Mngoni wa Songea, mtu mpole ambaye nilimfahamu kwa miaka mingi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, huyu amekubali kila kitu. Anataka kutubu tu."

Sasa sikilizeni kosa langu, na mlisikilize vizuri kwa sababu na nyie mmelelewa na mimi, mngelifanya.

Ofisini kwangu nilikuwa nimetandika zulia dogo, rangi ya maziwa, nimelitoa nyumbani. Kila anayeingia anavua viatu mlangoni. Mawakili walivua, askari walifungua kamba za mabuti huku wananung'unika, na hata mkubwa wangu alipokuja kukagua mahakama alivua, soksi yake ikiwa na tundu. Salum akaingia na kandambili zake miguuni. Akakanyaga zulia, hatua ndogo ndogo, akafika kwenye kiti. Halafu hakunipa shikamoo. Akasema, "Asalaam aleykum, mama."

Nikaitikia, ni salamu ya Mungu. Lakini kifua kilikuwa kinachemka. Kwetu sisi watu wa pwani mtoto wa watu haingii kwa mkubwa wake na viatu, na shikamoo ndiyo mlango wa kila kitu. Nikajua huyu ni wa wale vijana wanaosema shikamoo ni kumsujudia binadamu. Nikajua ni jeuri. Nikajua ndiye. Yote hayo kabla hajakaa.

Kazi nikaifanya, lakini kwa mkono wa kushoto. Nilimpa maji, akashika kikombe vizuri. Alikaa vizuri. Nilimuuliza jana alikula nini, akasema, "Wali maharage," sauti ndogo. Nikamwambia avue shati. Mgongo safi, kifua safi, mikono safi. Karani akaandika. Salum akainama, akagusa kandambili zake, nikaona anataka kuzivua. Nikamwambia, "Acha tu, zulia ulishalichafua."

Akainuka. Nikaandika kwa mkono wangu: nimekagua mwili wake wote, sikuona jeraha lolote.

Halafu akakiri. Alisema amepokea maelekezo ya kutengeneza "kifaa cha mlipuko" na kukiweka sokoni. Fundi friji wa Yombo, "kifaa cha mlipuko". Kengele ya Mzee Shomari ilitakiwa ilie masikioni mwangu, haikulia, kwa sababu nilikuwa nasikia nilichotaka kusikia. Nikamuuliza nani alimtuma. Akasema, "Mzee Kibwana." Ni nani? "Fundi wangu. Aliyenifundisha kazi." Nikaandika bila kuinua kichwa, herufi zangu nzuri zile mnazozisifia kwenye kadi za harusi. Akaweka dole gumba, akaondoka kwa hatua zile zile ndogo.

Ijumaa yake nikalichukua zulia nyumbani kulifua, maana lilikuwa na madoa niliyodhani ni udongo. Nikasugua kwa sabuni, yakagoma. Nikamwaga maji ya moto, yakazidi kuganda. Mwanamke aliyekwisha kufua mambo yote niliyofua mimi hahitaji kuambiwa kwamba hiyo ni damu. Nikachukua chumvi na maji baridi, yakaanza kutoka, na maji ya beseni yakabadilika rangi. Nilikaa uani na lile beseni muda mrefu. Nilielewa zile hatua ndogo, nilielewa kwa nini aliinama.

Mnadhani nilifanya nini? Sikufanya kitu. Nilijiambia labda alijikwaa njiani. Nilijiambia karatasi imeshakwenda. Ukweli ni kwamba siku zile aliyemtetea mtuhumiwa wa namna ile na yeye alianza kuulizwa anaswali wapi. Nilianika zulia, likakauka, nikanyamaza miaka minne, na Salum miaka hiyo minne alikuwa mahabusu. Naona aibu kuliandika hili, lakini nikiliruka hamtakuwa na sababu ya kuniamini kwa yaliyobaki.

Barua ya kuniita kutoa ushahidi ilikuja nikiwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Wakili wa Salum alikuwa anasema maelezo yale si ya hiari, na mimi ndiye niliyeyaandika. Wiki hiyo Afande Komba akaja nyumbani, amevaa kiraia, amebeba machungwa. Mtu akikuletea machungwa bila sababu, yahesabu.

"Shikamoo, Mama Hakimu."

"Marahaba, afande. Karibu."

"Sikai, mama. Ni jambo la dakika tano tu. Watakuuliza ulimkagua, wewe unasema kama ulivyoandika. Unashuka kizimbani, unakwenda zako."

"Miguu yake mliifanya nini?"

Akatazama machungwa yake. "Mie sikumgusa."

"Sijakuuliza nani."

"Sikuingia kile chumba, mama. Nililetewa mtu aliyekwisha kukubali, nikakuletea wewe. Sikuuliza." Halafu akakaa, ingawa alisema hakai. "Nikuulize na mie. Mtu ametega bomu Soko la Tandika, Jumamosi. Umemkamata, hasemi. Akina mama wanaingia na watoto mgongoni. Utampa kikombe cha maji umtazame anavyokishika?"

Hilo ndilo swali lenu, wanangu, hata yeye alikuwa nalo, na si swali la kijinga. Nikamuuliza, "Una miaka mingapi kazini?"

"Ishirini na sita."

"Huyo mtu, unayejua kwa hakika kwamba ametega na saa inakwenda, umeshamkamata mara ngapi?"

Akacheka bila furaha. "Bado. Lakini nimeshambeba mwenzangu aliyepigwa risasi lindoni. Alinifia mikononi hatujafika hospitali. Mama, siku ile ningepewa mtu yeyote, ningembana."

"Yeyote?"

"Yeyote."

Nilimwonea huruma, na mpaka leo namheshimu kwa kusema lile neno. Lakini ndilo lile lile lililonitisha. Ukishakuwa na uchungu na ruhusa mkononi, anayeletwa mbele yako anatosha. Afande aliponyanyuka akaniachia na methali: "Lisemwalo lipo, mama." Nikamjibu kwamba kwenye kazi yetu methali hiyo ingepigwa marufuku. Machungwa nikamrudishia.

Usingizi ulinipaa kwa siku tatu. Nikisema nilimkagua, Salum anafungwa, nami nastaafu na keki na picha ya pamoja. Nikisema sikumkagua, nimekiri kwamba niliandika uongo kwenye hati ya mahakama, hakimu mzima. Nilijitafutia njia ya katikati. Niseme sikumbuki. Uzee ungenitetea, na ningeonekana mnyonge tu, si mwongo. Nakiri nilifika mahakamani nikiwa nimekwisha kuamua kusema sikumbuki.

Wakili alikuwa binti mdogo, mwembamba, sauti kama ya mtu anayeuliza njia. Akanipa karatasi yangu niisome kwa sauti. Nikasoma: nimekagua mwili wake wote.

"Shahidi, ulikagua mgongo?"

"Ndiyo."

"Kifua na mikono?"

"Ndiyo."

"Nyayo za miguu?"

Salum alikuwa kizimbani kwake, amekonda, anatazama sakafu. Afande Komba alikuwa benchi la nyuma. Nikafungua kinywa niseme sikumbuki, na ikanijia kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Salum, kile cha ofisini kwangu. Nimeulizwa, naogopa, na nimekuja na maneno ya kukariri.

"Sikuzikagua," nikasema.

"Kwa nini basi uliandika mwili wote?"

"Kwa sababu alipoingia na viatu nilikuwa nimeshamhukumu."

Nikaeleza na zulia, na chumvi, na beseni. Mheshimiwa Jaji aliniomba nirudie polepole aandike. Nilirudia. Nilipotoka nikakaa kwenye ngazi za mahakama kama mama aliyekuja kumwona mfungwa, hakuna aliyenisalimia.

Maelezo yale yakakataliwa. Bila yale hakukuwa na kitu, taima zilikuwa za friji tu, na Salum akaachiwa. Mimi nikahamishiwa kwenye chumba cha majalada ya zamani nikamalizia humo miaka yangu miwili, na siku ya mwisho nilibeba kikombe changu nikaondoka. Keki hakuna. Nadhani ilikuwa halali yangu.

Siku hizi naambiwa mahojiano yanarekodiwa kwa kamera. Ni jambo jema, simkatishi mtu tamaa. Lakini mkija kupewa kazi hizi, ulizeni mtuhumiwa alikamatwa saa ngapi na kamera iliwashwa saa ngapi, na ulizeni alikuwa wapi hapo katikati. Mwambieni avue na soksi. Mkimchukia mtu kabla hajafungua mdomo, mwiteni mwenzenu amkague yeye. Na mkiona mzee mstaafu anawasimulia alivyosema kweli kizimbani, mkumbuke miaka minne aliyokaa kimya. Mimi mwenyewe nikijisikia natukuka ninaposimulia, najitilia shaka.

Mwaka jana niliamua kwenda kumwomba Salum radhi. Nilielekezwa Kinyerezi, kibanda cha mafundi, mafriji mabovu yamepangwa nje. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya kompresa. Ndani kwenye kiti alikaa mzee, mkono wake wa kulia unatetemeka juu ya paja. Sikuhitaji kuuliza kama ndiye Mzee Kibwana. Baada ya mimi kuliandika jina lake, walimfuata, wakakaa naye wiki tatu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya gesi ya mafriji, kazi inayotaka mkono uliotulia. Hakuchomelea tena.

Salum aliinuka, akafuta mikono. "Shikamoo, mama."

Nikamuuliza, mbona siku ile hukunipa shikamoo?

"Niliona umevaa mtandio," akasema. "Nikasema nikimsalimia kwa dini, labda atanihurumia."

Tukasogea pembeni, chini ya kivuli cha turubai. Nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu nikauliza lililokuwa likinila: kwa nini Mzee Kibwana?

"Walikuwa wanataka jina la anayenituma, mama. Mie anayenituma kila siku ni yeye. Salum lete spana, Salum kanunue gesi. Ndilo lililokuwa mdomoni." Akamtazama mzee. "Anakujaga kila asubuhi, anakaa pale, ananielekeza. Hajaniuliza hata siku moja. Bora angenitukana."

"Haikuwa kosa lako, mwanangu."

"Ya kwako nimekusamehe, mama. Ila usije ukadhani kuna mahali ningesimama. Wangeniuliza kama mama yangu alikuwemo, ningesema alikuwemo. Wangenipa jina lako ningekutaja na wewe."

Nilirudi Tegeta na neno hilo, na sijalitua. Nimejipima nalo, mimi mtu mzima, niliyehiji, ninayewapenda kuliko chochote Mungu alichonipa. Nikifanyiwa aliyofanyiwa Salum, wanangu, nitawataja nyie, mmoja baada ya mwingine, na nitaapa kwamba ni kweli.